Mtaa Una Haki Yake

Mtu anayetaka kuhamia Unguja mjini huwa na maswali yake tayari kabla boti haijafunga gatini Malindi. Kodi shilingi ngapi, na mwenye nyumba anataka ya miezi mingapi? Maji yanatoka? Kazini ni mbali? Watoto wataingia skuli gani? Ukipanda juu, bahari inaonekana? Ni maswali ya haki, na mwenye kulea hana budi kuyauliza. Lakini jamaa wanaponijia na shauri hili, anayetoka Pemba, anayetoka Tanga, anayerejea kutoka Maskati baada ya kumaliza ujana wake huko, naona swali moja huachwa nje, nalo ndilo zito kupita yote: mtaa huu utanidai nini, na mimi nitaweza kuulipa?

Kiwanja kilichopimwa jana katika mji mpya hakimdai mhamiaji mambo mengi. Wote waliopo ni wageni, kila mmoja amekuja na ufunguo wake na desturi zake, na ujirani watauanza pamoja. Mji wa zamani haukungojei. Unapoingia unawakuta watu waliozikana, waliooana, waliogombana na kupatanishwa. Misikiti ina watu wake wa safu ya mbele, mabaraza yana wenyewe, kuta zimeegemeana tangu enzi za mababu. Wewe unaingia mambo yakiwa yamekwisha kuanza. Ndiyo maana naamini kwamba kuchagua mtaa katika mji kama huu ni suala la maadili kabla halijawa suala la fedha, na anayelichukulia kama ununuzi tu huukosea mji, na mwisho hujikosea mwenyewe.

Tuanze na Mji Mkongwe, kwa kuwa ndiko macho ya wengi yanakokwenda kwanza. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na watu wa mbali wanaujua kama kitu kimoja, mji wa mawe wenye milango ya nakshi. Aliyeukaa anajua kuwa ni mitaa mingi yenye tabia mbalimbali. Shangani, kwenye ncha ya pwani, ndiko walikokaa mabalozi na makampuni ya kigeni katika karne ya 19, na leo ndiko hoteli zilikosongamana. Malindi ni mtaa wa bandari, wa samaki na majahazi, na ndiko alikokulia Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Hurumzi na Kiponda ziliishi kwa maduka ya Wahindi, biashara chini na familia juu, na hadi sasa hekalu, jamatkhana na misikiti havijaachana sana. Mkunazini kuna kanisa kuu la Kianglikana, lililosimamishwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Vuga kuna majengo ya serikali, miti mikubwa na nafasi ya kupumua. Sokomuhogo na vichochoro vinavyoizunguka bado vina mabaraza ambako kahawa hunywewa na siasa hubishaniwa hadi usiku.

Kwa hiyo anayesema anataka kukaa Mji Mkongwe bado hajasema anataka kukaa wapi. Mwenye kupenda utulivu atachoka haraka penye baraza la kahawa, na mwenye kupenda watu atasononeka katika uchochoro ambao kila mlango umekuwa wa wageni wa siku mbili. Ila tofauti hizi za ladha si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba kila mmoja wa mitaa hii una haki zake juu ya anayeukaa, na haki ya kwanza katika mtaa wa mawe ni haki ya ukuta.

Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, zikapigwa lipu ya chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haivutiki, na ndiyo iliyoamua upana wa vyumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu huingia, ukatoka. Ukipigwa saruji, unyevu hufungika ndani, chokaa hulegea, na boriti huoza kwenye ncha zake zilizoingia ukutani, pale ambapo jicho halifiki. Bomba linalovuja bafuni ghorofa ya pili, tangi lililopandishwa juu ya paa lisiloweza kulibeba, maji ya kiyoyozi yanayochirizika ukutani mwaka baada ya mwaka, mambo madogo kama haya ndiyo huangusha nyumba ikifika masika. Na kwa kuwa mara nyingi ukuta mmoja unashikilia nyumba mbili, uzembe wa mmoja huwa hatari kwa wawili.

Mfano tuliuona wote. Sultani Barghash alilijenga jumba la Nyumba ya Maajabu mwaka 1883, likawa alama ya mji inayotazamwa na kila anayeingia kwa bahari. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katikati ya matengenezo, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Ikiwa jengo linalojulikana dunia nzima, lenye mafundi na wafadhili, limeweza kuanguka, ihesabu nyumba ya uchochoroni isiyo na jina. Huenda ina warithi kumi na tano: watatu wako Unguja, kadhaa wako Oman, wengine Uingereza na Dar es Salaam, na hakuna anayeweza kuuza wala kutengeneza bila ya kauli ya wenzake. Mpangaji anayeingia humo kwa sababu kodi ni nafuu, akakaa miaka bila kuinua macho kutazama dari, naye amekuwa mmoja wa wanaoingoja ianguke.

Anayeijua haki ya ukuta hukaa kwa namna nyingine. Kabla ya kutoboa huenda kuuliza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ambayo imekuwapo tangu 1985. Humtafuta fundi anayejua chokaa, hata kama wa saruji ni rahisi na yuko karibu. Humwandikia mwenye nyumba aliye ng'ambo ya bahari, na akikaa kimya humwandikia tena. Na hushuka chini kumwambia jirani: "Bi Mkubwa, ukiona maji yanapita kwako, nigongee saa yoyote, usinionee haya." Maneno haya machache yana thamani kuliko mapambo yote atakayoyaweka sebuleni.

Waliotangulia waliielewa haki ya mtaa kwa upana kuliko sisi. Barghash huyohuyo, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji ya mfereji mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na mtu aliyekuwa akinunua maji ya kubebwa akaweza kuyakinga karibu na kwake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu. Wenye mali wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wanaume na wanawake, walizitoa zisiuzwe wala zisirithiwe, ili mapato yake yatumike msikitini, kwa jamaa au kwa maskini, na baadhi yao waliweka sharti kwamba wakae humo watu waliowaacha huru utumwani pamoja na vizazi vyao. Kumpa mtu chumba hakufuti dhulma ya kummiliki, wala si kila wakfu uliosimamiwa kwa uaminifu. Lakini wazo lililomo ndani yake ni zito: mwenye jumba aliona kuwa mtaa wake una watu wanaostahili pa kulala bila ya kujali walichonacho mfukoni, na kwamba hilo ni jukumu lake yeye aliyejaaliwa. Kwa sababu ya fikra hiyo, uchochoro mmoja uliweza kuwa na mfanyabiashara, mwalimu wa chuoni, mchukuzi wa bandarini na mjane anayeuza visheti, na wote wakajuana kwa majina.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, wengine kwa hofu, wengine kwa kunyang'anywa. Serikali ilizitaifisha nyumba nyingi na kuweka humo familia kutoka mashamba, Pemba na Ng'ambo, upande wa pili wa mji, mara nyingine familia moja kwa chumba kimoja. Nimesikia watu wakiwalaumu wakaazi hao kwamba ndio walioharibu Mji Mkongwe. Naona si uadilifu kuwasema hivyo. Walipewa vyumba bila ya hati, hawakuwa na fedha ya chokaa wala ya boriti, na jumba lililojengwa kwa mkwasi mmoja na watumishi wake halitunziki kwa mshahara wa mtu mmoja. Pamoja na hayo walilea watoto humo, walifagia ua, waliziba paa kwa bati walilolipata, wakaukalia mji katika miaka ambayo hakuna mtu wa nje aliyeutaka. Leo mji umekuwa na bei, na wao ndio wa kwanza kuambiwa wapishe.

Hapo ndipo mhamiaji anapokutana na mtihani wake. Dalali atakuja na habari njema: nyumba imepatikana, iko pazuri, kuna watu ndani lakini watatoka. Sentensi hiyo inapita haraka katika mazungumzo, na mtu mwenye haraka ya kupata nyumba huipisha. Mimi namwomba kila anayenisikiliza asiipishe. Ni nani wanaotoka? Wanatoka kwa hiari au kwa kupandishiwa kodi? Wanakwenda wapi, na watoto wao watabaki skuli ileile? Ikiwa mzee ameamua mwenyewe kuuza ili ajenge Tomondo, kila mwanawe apate chumba chake, basi amefanya hesabu yake na anastahili bei nzuri isiyopunguzwa kwa ujanja. Ikiwa ni familia inayosukumwa nje ili wewe uingie, basi kodi yako ina deni ndani yake ambalo halikuandikwa katika mkataba.

Silaumu wageni, wala sioni ubaya wa hoteli kwa kuwa ni hoteli. Utalii umelipa mishahara ya nyumba nyingi mjini, na paa zilizokuwa zinavuja zimezibwa kwa fedha zake. Lakini mtaa una kiasi chake. Mazishi katika vichochoro vile hayapitiki kwa gari. Jeneza hubebwa mabegani, watu wakipokezana hadi barabarani. Uchochoro ambao nyumba zake zote zimekuwa za kulaza wageni hauna mabega ya kutosha. Mwezi wa Ramadhani, uchochoro huo hauna mlango wa kupelekea sahani ya futari, na mtoto akipotea hakuna wa kumwambia mama yake kamwona wapi. Anayechagua mtaa wa aina hiyo atakuwa amepata kuta za zamani na kukosa kile kilichozifanya ziwe na maana, yaani watu waliokuwa wakidaiana heshima kila siku.

Wengi hufanya hesabu yao yote upande mmoja wa barabara ya Darajani, kana kwamba historia ya mji inaishia hapo. Zamani mahali hapo palikuwa na mkono wa bahari, ambao ulifukiwa kidogo kidogo hadi ukawa barabara na viwanja. Utawala wa kikoloni uliutazama upande wa mawe kama mji wenyewe na upande wa pili, yaani Ng'ambo, kama makaazi ya wenyeji, na mtazamo huo umo katika mipango miji yake, kuanzia ule wa mpangaji miji Lanchester wa 1923. Nyumba za huko zilikuwa za udongo, miti na makuti, kwa hiyo hazikuacha magofu ya kupigwa picha. Lakini ukiniuliza mji huu ulijitambulia wapi, nitakuvusha barabara.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba, alihamia mjini mwaka 1911 kutafuta maisha, akakaa Ng'ambo. Naye alikuwa mhamiaji anayechagua pa kukaa, bila ya mali na bila ya ukoo mkubwa wa kumtanguliza. Huko alipata watu wa kumfunza, wa kumsikiliza na wa kumbeba, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, katika Kiswahili, ikaenea pwani nzima. Mwaka huohuo watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya ardhi. Nyumba walikuwa wamezijenga kwa mikono yao, lakini zilisimama juu ya ardhi ya wengine, ambayo wengi wao waliikalia kwa miaka bila kodi au kwa kodi ndogo. Kodi ilipopandishwa walisimama pamoja, wanawake wakiwa mbele pamoja na wanaume, hadi serikali ikalazimika kuingilia. Rahaleo ndiko kilikokuwa kituo cha redio kilichotangaza Mapinduzi ya 1964. Haya yote ni historia sawasawa na milango ya nakshi. Mwenye kupenda mji wa kale kwa moyo safi anaweza kukaa Mwembetanga, Kikwajuni, Miembeni au Kisiwandui, akasikia adhana zilezile, akanunua mboga Darajani kwa mguu, na akawa ndani ya historia kuliko aliyekodi chumba chenye rosheni Shangani.

Kisha kuna Michenzani. Maghorofa yake marefu yalianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wa Rais wa Zanzibar, Mzee Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na nyumba za udongo zilizokuwapo zikabomolewa. Wapo wanaoyatazama kwa dharau kwa sababu ni ya zege na yamenyooka. Mimi naona dhamira iliyokuwamo inastahili heshima: kwamba mchukuzi na mkulima naye awe na jiko lake, choo chake, taa yake na mfereji wake. Lakini pia kulikuwa na hasara. Baraza la mbele ya nyumba, ambako jirani alikaa bila ya kualikwa, halikupanda ghorofani. Watu wamelazimika kulibuni upya chini ya majengo, kwenye ngazi, kando ya maduka, na wamefanikiwa kuliko walivyotarajiwa. Anayekwenda kukaa Michenzani ajue kuwa haki ya mtaa huko ni ya ngazi na ya pampu: nani anafagia, nani anachangia fundi maji yanapokuwa hayapandi, nani anamsaidia bibi wa ghorofa ya juu na ndoo yake. Huwezi kukaa ghorofa ya tano ukawa huna habari na watu wa ghorofa nne ulizozikanyaga.

Mji wenyewe umekua hadi umetupita. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu laki tisa katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na Mji Mkongwe ni kipande kidogo tu cha mkoa huo. Nyumba mpya zinajengwa hadi Fumba, kule kule alikotoka Siti, kwa watu wanaotafuta nafasi, maegesho na utulivu. Sioni aibu kwa anayekwenda huko. Mtu mwenye watoto wadogo, mzazi asiyeweza kupanda ngazi za mwinuko mkali, au kazi isiyomwachia saa hata moja ya kuwa na majirani, pengine ataitendea haki zaidi nyumba ya mawe kwa kuipisha. Kuna mapenzi ya mji yanayoonekana katika kukaa, na yapo mapenzi yanayoonekana katika kumwachia nafasi aliyezaliwa humo. Anayeutembelea Mji Mkongwe kila Ijumaa, akanunua kwa wenye maduka wa zamani na kuwapeleka watoto wakayajue makaburi na misikiti, hajaukosa mji kwa kuwa analala Fuoni.

Nimesema sana juu ya haki za mtaa kwa mhamiaji. Haki ya upande wa pili ipo pia, na si uadilifu kuinyamazia. Mgeni naye ana haki juu ya mtaa. Yapo macho ya mtaa yanayolinda, na yapo yanayobana. Mwanamke anayekodi peke yake huhesabiwa wageni wake na saa zake za kurudi. Mtu wa bara huitwa wa bara baada ya miaka kumi, hata akiwa amezika mtoto wake hapa. Mwenye dini nyingine husalimiwa vizuri barabarani kisha hukosa chumba kila anapoulizia. Mji uliojengwa na watu wa Hadhramaut, Kachchh, Ngazija, Oman, Mrima na bara, na kwa jasho la watumwa walioletwa kutoka mbali, haufai kumuuliza mtu ametoka wapi kwa sauti ya kumkatalia. Kwa hiyo, katika kuchagua, tazama pia mtaa unavyompokea asiye na nguvu. Mtazame muuza maji, mtazame mgonjwa wa akili anayepita kila jioni, mtazame mtoto wa mpangaji maskini akicheza na watoto wa wenye nyumba. Mtaa unaowatendea vizuri hao utakutendea vizuri na wewe siku utakapoanguka.

Mambo haya hayaonekani katika picha za simu, wala dalali hayajui yote. Yanataka miguu na saa. Pita mtaani asubuhi watoto wanapokwenda skuli. Pita baada ya alasiri, mabaraza yanapoanza kujaa. Pita baina ya magharibi na isha, uone nani yuko nje na nani amejifungia. Pita siku ya mvua ya masika, hasa ukiwa unatazama mabonde ya Ng'ambo, kwa sababu kiwanja kinachopendeza Januari kinaweza kuwa ziwa Aprili, na mtaro ulioziba kwa taka husema ukweli juu ya ushirikiano wa watu kuliko wanavyojisema wenyewe. Uliza jaa liko wapi na nani anabeba taka kulifikisha. Sema sabalkheri kwa usiowajua, na usikilize unavyojibiwa. Nenda kwa sheha kabla ya kutoa fedha. Yeye ndiye mwenye daftari la wakaazi, na mara nyingi anajua nyumba ipi ina kesi, ipi ni wakfu, ipi ina warithi wasiosikilizana. Mazungumzo ya nusu saa barazani kwake yamewaokoa watu na hasara ya miaka.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, na mwenye kuchagua mitaa bila ya kikomo naye huishia pabaya. Hakuna mtaa uliokamilika. Huu una maji na hauna utulivu, ule una utulivu na hauna skuli, mwingine una yote na huna uwezo wa kuukodi. Ninachokiomba si kwamba mtu atafute mtaa usio na ila. Naomba achague ila anazoweza kuzibeba pamoja na wenzake. Kelele za baraza zinabebeka kwa anayejua kwamba ni baraza hilohilo litakalosimama usiku mlango wake ukigongwa na mwizi. Ngazi zinabebeka kwa mwenye kupenda walio juu yake. Ukuta wa matumbawe unabebeka kwa aliye tayari kutumia sehemu ya kipato chake kwa chokaa badala ya samani. Kile kisichobebeka ni kukaa mahali kwa miaka huku ukitaka kila kitu chake kiwe kwa ajili yako na wewe usiwe kwa ajili ya chochote.

Basi kabla ya kutia saini, jiulize mambo matatu na uyajibu kwa ukweli. Nani ameondoka ili mimi niingie, na je, nimemtendea haki? Nyumba hii na ukuta wake vinahitaji nini kutoka kwangu, na je, ninacho? Ukitokea msiba mlango wa tatu, nitakwenda, au nitafunga dirisha? Majibu yakikutosheleza, ingia kwa bismillahi, iwe ni Kiponda, Kikwajuni, Michenzani au Fumba. Usingoje kualikwa. Jitambulishe kwa majirani wa kulia na wa kushoto, wajue jina lako na wewe ujue yao. Mchango wa kwanza utakaopita, wa mtaro, wa maziko au wa taa ya uchochoroni, utoe, hata ukiwa mdogo, na uutoe kwa mkono wako mwenyewe. Anza kulipa haki ya mtaa tangu wiki ya kwanza, wakati bado hakuna anayekudai.